Ubalozi mmoja, mitandao mingi: nani analipia kompyuta?

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Gikomba anayeomba viza ya kwenda kwenye maonyesho ya biashara nchini Marekani hukutana na dirisha moja na afisa mmoja. Hudhani kuwa mambo yake yote yako mezani kwa afisa yule. Nyuma ya dirisha, hata hivyo, kuna ofisi nyingi za serikali moja, kila ofisi ikiwa na mkubwa wake Washington na fungu lake la fedha. Kwa miaka mingi kila moja ilikuwa pia na kompyuta zake, ambazo hazikuweza kusomana na za ofisi ya jirani. Jinsi ofisi hizo zinavyopeana habari, au zinavyoshindwa kupeana, ndiko kunakoamua kama tiketi iliyokwisha kulipiwa itasafiri au itaishia mfukoni.

Serikali ya Marekani imehangaika na suala hili kwa zaidi ya robo karne. Fedha nyingi zimetumika, mradi mmoja mkubwa ulikufa kabla ya kusambaa, na mingine ilifanikiwa kwa sababu ambazo mtu wa sokoni atazielewa haraka kuliko mhandisi.

Chanzo ni Nairobi na Dar es Salaam

Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Waliokufa walikuwa watu 224, wengi wao Waafrika. Jijini Nairobi jengo la Ufundi House liliporomoka na vioo vya jengo la Co-operative Bank vikapasuka. Wafanyabiashara wadogo waliokuwa karibu na makutano ya Barabara ya Haile Selassie na Moi Avenue ni miongoni mwa walioumia.

Baada ya hapo, Marekani iliunda jopo la kutazama upya namna inavyojiweka katika nchi za nje. Jopo liliongozwa na Lewis Kaden, na ripoti yake ikatoka Novemba 1999. Wengi waliitarajia izungumzie kuta na milango ya chuma. Iliyazungumzia hayo, lakini ilisema pia jambo ambalo halikutegemewa sana: teknolojia ya habari katika balozi ilikuwa imepitwa na wakati, na ofisi zilizokuwa chini ya balozi mmoja hazikuwa na mtandao wa pamoja wa barua-pepe wala mahali pamoja pa kuhifadhi habari. Jopo lilitaka ofisi zote katika kila ubalozi ziunganishwe kwenye mfumo mmoja wa mambo ya kawaida yasiyo ya siri.

Ofisi hizo si chache. Ubalozi mkubwa wa Marekani si nyumba ya Wizara ya Mambo ya Nje peke yake. Kuna watu wa Wizara ya Biashara wanaowatafutia makampuni ya Marekani wateja na mawakala. Wizara ya Kilimo ina wake wanaofuatilia bei na mavuno. Kuna mwambata wa jeshi, kuna polisi wa upelelezi wa FBI, kuna kikosi cha dawa za kulevya, na hadi lilipofungwa mwaka 2025 kulikuwa na shirika la misaada la USAID, ambalo katika nchi kama Tanzania na Kenya lilikuwa na watumishi na fedha nyingi. Ofisi za aina hiyo zenye watu nje ya nchi zilizidi 30.

Kisheria, balozi ndiye mkuu wa karibu wote hao. Anaweza kumwondoa mtumishi nchini. Lakini kompyuta iliyo mezani kwa mtumishi huyo imenunuliwa na wizara yake, kwa fedha zilizopitishwa na kamati yake ya Bunge, na kanuni za usalama wa mtandao wake zinatungwa Washington. Hapo amri ya balozi inafika ukingoni.

Somo la Wang kwa wenye hisa

Kabla ya kuzungumzia kilichofuata, inafaa kutaja mashine zenyewe. Tangu miaka ya 1980 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitegemea sana kompyuta za kampuni ya Wang ya Massachusetts. Kwa uandishi wa barua zilikuwa nzuri, ila zilijengwa kwa mtindo wa kampuni hiyo pekee. Wang iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai mwezi Agosti 1992. Mteja wake mkubwa akabaki na mitambo ambayo mwenye kuitengeneza alikuwa taabani, wakati ofisi za kawaida duniani kote zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye kompyuta ndogo za mezani zinazouzwa na kila muuzaji. Wizara ilimaliza kuing'oa mitambo hiyo balozini mwishoni mwa miaka ya 1990, ikisukumwa pia na hofu ya tarakimu za mwaka 2000.

Mwenye hisa anayesoma kwamba kampuni ya kompyuta imepata mkataba wa serikali kubwa hushangilia. Wang ilikuwa na mikataba ya namna hiyo, na haikuiokoa.

Kuta zilikutana, waya hazikukutana

Mwaka 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ujenzi salama wa balozi. Majengo mapya yalitakiwa kukaa angalau futi 100 kutoka ukingo wa kiwanja, na ofisi zote za serikali hiyo mjini zikusanyike ndani ya ua mmoja. Balozi mpya za Dar es Salaam na Nairobi, zilizofunguliwa mwaka 2003 katika maeneo ya Msasani na Gigiri, ni matunda ya mpango huo. Watu waliokuwa wametawanyika mjini wakawa wanapanga foleni kwenye mkahawa mmoja.

Mtandao wa pamoja uliotakiwa na jopo ulikuwa na safari nyingine. Mexico na India zilichaguliwa kuwa mahali pa majaribio, kwa kuwa balozi za huko ni kubwa na zina ofisi nyingi. Wazo lilikuwa zuri: mtumishi wa kilimo na mtumishi wa biashara wafungue ukurasa mmoja, waone nani amekutana na waziri gani, nani anaandika ripoti gani, na waache kumwuliza mtu mmoja maswali yale yale mara tatu.

Mradi haukusambazwa duniani. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikwisha kuonya mwaka 2001 kuwa mpango huo ulikuwa na matatizo makubwa ya usimamizi, na baadaye Wizara iliuacha ikahamishia matumaini yake kwenye mfumo mwingine wa ujumbe na kumbukumbu ulioitwa SMART. Huo nao ulikwama, ukaanzishwa upya, na ulifika balozini kwa wingi mwishoni mwa muongo huo.

Waya zilikuwapo. Programu za kuandikiana na kuhifadhi nyaraka zilikuwa zinauzwa madukani. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa. Kila ofisi ilikuwa imekwisha kulipia mtandao wake, na kuingia kwenye mtandao wa pili kulimaanisha gharama mpya kwa faida ambayo ingeonekana kwenye hesabu za mwingine. Mkuu wa usalama wa kila wizara naye alikuwa na sababu yake ya kukataa: akifungua mlango kwa jirani na jirani akaibiwa, lawama itamwangukia yeye. Hakuna aliyekuwa mpinzani wa wazo lenyewe. Walilisifu wote, na hakuna aliyetoa mkono mfukoni.

Wafanyabiashara wanaoshiriki ghala moja wanaijua hali hiyo. Taa ya nje ikiungua, kila mmoja anaona giza na kila mmoja anangoja mwenzake anunue glopu.

Marekani ilikuwa imejaribu dawa ya ugonjwa huo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha 1998, balozi zake ziliingia katika utaratibu uitwao ICASS, ambapo ofisi zinagawana gharama za magari, walinzi, ukarabati na huduma za fedha kwa kadiri ya matumizi. Ankara inaonyesha nani ametumia nini. Utaratibu huo umesaidia watu kujua bei ya vitu, lakini kwa huduma nyingi ofisi ziliruhusiwa kujitoa. Mwaka 2004 GAO iligundua kuwa baadhi ziliendelea kuwa na magari na maghala yao wenyewe pembeni, na mambo yale yale yakifanywa mara mbili ndani ya mji mmoja. Kama ilikuwa vigumu kukubaliana juu ya gari, haishangazi kwamba seva iliwashinda.

Mradi uliofaulu haraka ulikuwa wa aina nyingine. Colin Powell, ambaye alikuwa mjumbe wa bodi ya America Online kabla ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2001, alikuta watumishi wengi hawana intaneti mezani. Aliagiza kila meza iunganishwe. Kufikia mwaka 2003 zaidi ya kompyuta 40,000 zilikuwa zimeunganishwa katika wizara na balozi zake. Lakini hiyo ilikuwa wizara moja, bajeti moja na waziri mmoja mwenye kuuliza kila wiki.

Mwombaji wa viza ndiye mlipaji

Kuna mfumo mwingine unaopita kuta za wizara na unaofanya kazi kila siku: ule wa viza. Historia yake inaanzia Khartoum. Mwezi Mei 1990 Omar Abdel-Rahman, shehe wa Kimisri, alipewa viza katika ubalozi wa Marekani wa huko ingawa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watu wa kuangaliwa. Orodha ilikuwa kwenye filamu ndogo za kusomwa kwa mashine, na halikutafutwa. Baada ya bomu la mwaka 1993 kwenye World Trade Center, New York, lililofanywa na watu waliokuwa wafuasi wake, kosa hilo likawa kashfa.

Bunge lilifanya mambo mawili mwaka 1994. Liliamuru ukaguzi wa majina ufanywe kwa kompyuta katika balozi zote, na likaruhusu Wizara kutoza ada ya maombi ya viza na kubaki nayo kwa kazi hiyo badala ya kuipeleka hazina. Neno hilo la kubaki nayo ndilo lililoleta tofauti yote. Kitengo cha viza kikapata kisima chake.

Bei ya kisima hicho imepanda kama ifuatavyo kwa viza ya kawaida ya biashara na matembezi: ilikuwa dola 45 kabla ya Juni 2002, ikawa 65 mwezi huo na 100 mwezi Novemba mwaka huo huo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kuongeza kazi ya ukaguzi. Mwaka 2008 ilifika 131, mwaka 2010 ikawa 140, mwaka 2012 ikawa 160, na mwezi Juni 2023 ikawa 185. Anayekataliwa harudishiwi. Kwa hiyo mwenye duka wa Mwanza aliyenyimwa viza amechangia kompyuta ya ubalozi sawasawa na yule aliyepewa, na wote wawili hawana duka jingine la kwenda kununua.

Fedha hizo zimejenga hifadhi kubwa ya kumbukumbu ambayo afisa wa viza, afisa wa uhamiaji wa uwanja wa ndege wa Marekani na wachunguzi wa usalama wote huitazama. Ilipofika mwaka 2014 ilikuwa na zaidi ya maombi milioni 100 ya viza na picha milioni 75. Mwaka huo huo, mwezi Julai, mfumo ulizimika, na viza zikachelewa dunia nzima kwa wiki kadhaa. Juni 2015 ukaharibika tena, safari hii ni mtambo wa kupitisha alama za vidole. Vibarua wa Mexico waliokuwa wakisubiriwa mashambani Marekani walikwama mpakani, na wakulima wakatazama matunda yao yakiiva bila wachumaji. Kabla ya kompyuta kuunganishwa, hitilafu ya ubalozi mmoja ilikuwa shida ya mji mmoja.

Herufi moja

Tatizo la pili la kuunganisha habari ni dogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo. Mwezi Novemba 2009 mzee mmoja wa Kinijeria, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa benki kubwa, alikwenda ubalozi wa Marekani wa Abuja kueleza wasiwasi kuwa mwanawe amefuata watu wenye siasa kali. Ubalozi ulifanya uliotakiwa: ulituma taarifa Washington. Lakini jina la kijana liliandikwa kwa kosa la tahajia. Walipolitafuta kwenye kumbukumbu za viza, kompyuta ikajibu kuwa hana viza. Alikuwa nayo, ya London, tangu Juni 2008. Siku ya Krismasi Umar Farouk Abdulmutallab alipanda ndege ya kwenda Detroit yenye watu karibu 290, akiwa na baruti mwilini. Haikulipuka kama alivyokusudia na abiria wakamdhibiti.

Uchunguzi wa Ikulu ya Marekani ulionyesha kuwa vipande vya habari vilikuwapo katika ofisi mbalimbali, ila havikuwekwa pamoja. Tangu wakati huo taarifa za namna hiyo hutakiwa kutaja hali ya viza ya mtu, na programu za kutafuta majina zililegezwa ili zikubali tahajia zinazokaribiana.

Kulegeza huko ndiko kunakomgusa mfanyabiashara wa Pwani. Kompyuta iliyofundishwa kuwa Mohamed, Muhammad na Mohammed ni jina moja, na kuwa Abdalla na Abdallah ni mtu mmoja, itawanasa wengi wasiohusika. Jina likifanana na la mtu anayetafutwa, maombi hupelekwa Washington kwa ukaguzi wa ziada, na majibu hayana tarehe ya uhakika. Afisa wa dirishani hawezi kuharakisha, na mara nyingi hana ruhusa ya kueleza. Mwambata wa biashara aliye ghorofa ile ile, ambaye pengine ndiye aliyemwalika mfanyabiashara kwenye maonyesho, naye hana mamlaka juu ya viza. Yeye huishia kuomba radhi.

Habari ikigawiwa mno

Baada ya Septemba 2001, tume iliyochunguza mashambulizi yale ilisema mwaka 2004 kuwa desturi ya kila ofisi kufungia habari zake ndiyo iliyoiponza nchi. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa miongoni mwa waliotii. Taarifa zake nyingi za balozi ziliwekwa mahali ambapo watumishi wa wizara nyingine, wakiwamo wa jeshi, wangeweza kuzisoma kupitia mtandao wa siri wa Wizara ya Ulinzi uitwao SIPRNet.

Mwaka 2010 mchambuzi mmoja wa jeshi aliyekuwa Iraq alizinakili na kuzipa WikiLeaks. Zilikuwa 251,287. Kati ya hizo 133,887 hazikuwa na muhuri wowote wa siri, 101,748 zilikuwa na daraja la faragha, na 15,652 zilikuwa za siri. Zilizoandikwa Nairobi na Dar es Salaam zilikuwamo. Waliosomwa humo hawakuwa wanasiasa peke yao: wenye makampuni, mawakili na wenye mabenki waliokuwa wakizungumza na maafisa wa ubalozi kuhusu zabuni na rushwa walikuta maneno yao hadharani. Balozi wa Marekani nchini Mexico alijiuzulu Machi 2011 baada ya aliyoyaandika juu ya jeshi la huko kusomwa na wenyewe. Wizara ilikata haraka uhusiano wa hifadhi yake na SIPRNet. Mlango uliochukua miaka kufunguliwa ulifungwa kwa siku chache, na kila ofisi ikapata hoja mpya ya kukaa na vitu vyake.

Mwenye kuzungumza na afisa wa ubalozi wowote, wa nchi yoyote, hana budi kufahamu kuwa anachosema juu ya mshindani wake au mshirika wake huandikwa, na maandishi hayo husomwa na watu asiowajua.

Kwa mwenye biashara sasa

Masharti ya viza hubadilika kwa tangazo la siku moja, hivyo kila safari ithibitishwe kwanza na ubalozi wenyewe. Yaliyo mikononi mwa msafiri ni machache lakini yana uzito. Jina liandikwe kwa tahajia ile ile katika pasipoti, leseni ya biashara, hati ya benki na barua ya mwaliko. Mwenye majina matatu kwenye pasipoti asitumie mawili kwenye ankara. Aliyewahi kuandikwa kwa tahajia nyingine aseme hivyo mahali panapouliza majina mengine, maana akinyamaza kompyuta itaona watu wawili na afisa atataka kujua ni kwa nini. Barua ya mwambata wa biashara iambatishwe na maombi, kwani kuidhani tayari iko upande wa pili wa ukuta ni kubahatisha. Tiketi isiyorudishika isinunuliwe kabla ya pasipoti kurudi.

Kwa upande wa wenye hisa, mikataba ya kuunganisha ofisi za serikali itaendelea kutangazwa, hapa kwetu pia, ambako wengi wanakumbuka foleni za bandarini kutoka dawati la ushuru hadi la viwango. Kabla ya kununua hisa kwa sababu ya tangazo la namna hiyo, maswali ya kuuliza ni mawili: nani anatoa fedha mwaka wa kwanza, na nani amelazimishwa kisheria kuzitoa mwaka wa tatu. Mradi wa Mexico na India haukuwa na jibu la swali la pili. Dirisha la viza linalo, na limekuwa likipandisha bei tangu mwaka 2002.